Kizibo cha Mtoto wa Mwenzangu

Mimi ni fundi cherehani na mdomo wangu hauna breki, wateja wangu wote wanajua. Lakini lipo jambo moja nililolinyamazia kwa miezi mingi, na kunyamaza huko kumemponza mwanangu.

Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Alizaliwa na kibofu kisichoweza kujimwaga chenyewe, kwa hiyo madaktari walimtoboa tundu dogo karibu na kitovu. Kila baada ya saa nne anaingiza mpira mwembamba, mkojo unatoka, anarudi kwenye michezo yake. Kwa jinsi anavyoangalia saa, nyumbani tunamwita Bi Saa. Shida ni kwamba mwili haupendi kuachwa wazi. Sikio likitogwa lisitiwe kitu, linaziba, na tundu hilo nalo ni vivyo hivyo. Mara mbili lilibana hadi mpira ukagoma kupita, na mara mbili akapasuliwa upya. Ile ya pili aling'ang'ania gauni langu mlangoni mwa chumba cha upasuaji mpaka mshono ukafumuka. Niliapa hatarudi tena mle.

Ndipo daktari akatuita wazazi kumi na wawili. Kulikuwa na kizibo kipya cha mpira laini, kidogo kama ncha ya kidole, mtoto anakivaa tunduni kila akishatoa mpira, lisipate kubana. Walitaka kukijaribu: watoto sita wavae, sita waendelee na mpira peke yake, na bahasha ndiyo ichague. Bahasha yetu ilisema mpira peke yake. Nilimuuliza daktari kama hiyo bahasha imewahi kuzaa. Akanieleza kwa upole kwamba tukianza kuchagua wenyewe, hatutaujua ukweli kamwe. Nusu niliielewa, na nusu nyingine nikaiacha palepale mezani kwake.

Mama Pacha tulizoeana kwenye benchi la kliniki. Mwanawe mmoja na Bi Saa walitumia mpira wa saizi moja. Yeye alipata kizibo, lakini mtoto alikikataa, akasema kinawasha na kwamba yeye si chupa. Mama Pacha aliogopa kusema, asije akaonekana msumbufu. Siku moja tukiwa chooni pale kliniki akanitilia kwenye mkoba pakiti ambazo hazijafunguliwa.

"Chukua wewe, shoga. Kwangu vinakaa kabatini tu."

"Na lile daftari lao tunalojaza je?"

"Mimi nitaandika anavaa. Wewe andika havai."

Hatukuona ubaya. Kila siku ya kliniki nilimvua Bi Saa kizibo chake, nikakichemsha na kumpa Mama Pacha, ili nesi aone kimetumika. Bi Saa aliniuliza kama huo si uongo. Nikamwambia ni mambo ya wakubwa.

Na kizibo kilifanya kazi! Mpira ulikuwa unapita bila kukwama hata siku moja. Kwa mara ya kwanza alikwenda kulala kwa binamu zake, akarudi na vicheko wiki nzima. Nilijiona mjanja kweli. Hata tundu la mtoto wa Mama Pacha lilipobana akapasuliwa, nilimpa pole ya mdomoni, moyoni nikashukuru si wangu.

Mwaka ulipoisha, daktari akatusomea matokeo. Katika waliovaa, wawili matundu yao yalibana, mmoja wao mtoto wa Mama Pacha. Katika wasiovaa, wawili pia. Alimtazama Bi Saa akatabasamu, akasema huyu hapa hakuvaa chochote na tundu lake ni zima kabisa. Kwa hiyo kizibo hakikuonyesha tofauti, na watengenezaji wameamua kuachana nacho. Nesi akapita na boksi kuvikusanya. Mama Pacha alivitumbukiza vyote tulivyokuwa navyo, macho kwenye vigae vya sakafu. Mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilikaa kimya nikamwacha nesi apite.

Miezi mitatu baadaye mpira wa Bi Saa ulianza kukwama. Nikaenda kwa daktari nikamwaga yote. Nilitaka anifokee, hakunifokea. Aliuliza wangapi wengine walifanya hivyo. Nikasema sijui.

"Nyinyi wawili ningeweza kuwarekebisha kwenye karatasi, mama," akasema. "Lakini wale kumi sasa nitawaaminije?"

Nilimwomba kizibo kimoja tu. Akasema hakuna hata kimoja, vyote vimerudishwa, na kuanza upya ni suala la miaka, tena kama atapatikana wa kuvitengeneza.

Leo asubuhi Bi Saa ameingia chumba cha upasuaji kwa mara ya tatu. Safari hii hakunishika. Alitembea mwenyewe nyuma ya nesi, na hilo limeniuma kuliko kilio.

Nimebaki kwenye benchi na mama mmoja kijana, amempakata mtoto wa miaka minne. Mtoto alitobolewa wiki iliyopita. Kila dakika mama yake anafunua shuka kuangalia. Akaniuliza kama tundu hubana, nikamwambia hubana. Akasema amesikia palikuwa na kizibo kilichojaribiwa hapahapa, kikashindwa.



"Hakikushindwa," nikamwambia. "Binti yangu alikivaa mwaka mzima. Kinafanya kazi."

Uso wake ukachangamka. Akatafuta kalamu kwenye mkoba, akageuza cheti cha mtoto upande wa nyuma, akaniuliza kinapatikana wapi.