Kikao cha Kumfukuza Sawasawa

Mwenye karakana alikuwa mwanamke wa hasira za karibu, na siku ile ya milango hasira zilimpanda mpaka utosini.

Mteja wa hoteli alikuwa amebadili mawazo: milango sasa iwe mipana, viti vya magurudumu vipite. Bosi akatoka mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kupasulia mbao, akamweleza fundi mkuu, naye akaitikia, "Sawa bosi." Jioni anakwenda kukagua, lahaula! Milango yote imekatwa kwa kipimo kilekile cha zamani, tena mbao ngumu za bei mbaya. Yaani mtu akuitikie vizuri, halafu afanye lake!

Fundi huyo walimwita Sawasawa kwa sababu hakuwa na jibu lingine duniani. Umwambie mvua inakuja, sawa. Umtanie kwamba mkewe katoroka na fundi rangi, sawa, na wenzake wakicheka naye anacheka. Alikuwepo tangu karakana ni ya marehemu baba yake bosi, na mkono wake haukuwa na mpinzani. Lakini mwaka huu kazi zilikuwa zinamharibikia moja baada ya nyingine, na bosi alishajiamulia sababu: dharau. Anamdharau kwa kuwa ni mwanamke, tena mwanamke aliyemwona akipita hapo na sare za shule.

"Toka! Sikutaki! Usinikanyagie tena hapa!" alimpigia kelele mbele ya wateja na mafundi wote. Sawasawa akavua aproni, akaikunja, akaondoka zake.

Bosi alipomsimulia mume wa dada yake, ambaye ni wakili, alitegemea kupongezwa. Wapi! Wakili alishika kichwa.

"Shemeji, umemfukuza mtu mzima kama unafukuza kuku?"

"Kaharibu milango yangu!"

"Hata angechoma karakana. Sheria ya kazi inataka umjulishe kosa lake kwa maandishi, umpe muda wa kujiandaa, umwite ajieleze. Na ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia, amchague mwenyewe. Umsikilize kwanza, ndipo uamue. Akienda kushtaki leo, hiyo kesi umeshindwa asubuhi na mapema."

Basi bosi akameza hasira, akaandika barua. Moyoni alikuwa ameshaamua. Kikao kifanyike, sheria itimizwe, mtu aende kwao.

Siku ya kikao wakili alikaa pembeni na karatasi zake za kuandikia. Mlango ukafunguliwa, akaingia Sawasawa, shati limenyooka, uso umemsawijika. Nyuma yake akaingia mama mzazi wa bosi, akavuta kiti, akakaa.

"Mama, tupishe kidogo, tuna kikao."

"Najua. Nimekuja na huyu."

"Mama, haiwezekani! Wewe ni mama yangu!"

"Huko nyumbani. Hapa mimi ni mtunza stoo, uliniandikisha mwenyewe nipate bima. Au ulikuwa unawadanganya watu wa bima?"

Wakili akakohoa, akainamia karatasi. Bosi alitamani ardhi impasukie. Ni kweli alimwandikisha, na ni kweli mama alishinda stoo akigawa misumari na skrubu, na kila mchana Sawasawa alikwenda kukaa naye wakipiga soga.

"Haya," bosi alianza. Nje mashine zilikuwa zinanguruma kama kawaida. "Ulikuwa hutaki kupanua milango, au?"

Sawasawa alimgeukia mama. Na mama, ambaye sauti yake ilikuwa ya kuitia watoto waliovuka mtaa wa tatu, akapaza: "ANAULIZA KAMA ULIKUWA HUTAKI KUPANUA MILANGO!"

"Kupanua? Nani kasema ipanuliwe?" Sawasawa akashangaa.

"Mama, mbona unapiga kelele? Si yuko hapo hapo!"

"Wewe endelea na maswali yako."

Bosi akauliza la pili, mchezo ukawa uleule. Damu ikamchemka. Hawa wanamfanya mtoto! Akainuka, akaenda dirishani nyuma yao asije akasema neno la kujutia. Akasimama pale, akitazama kisogo cha yule mzee na sikio lake lililojaa vumbi la mbao. Mbona soga zake zote ni na mama tu, mwenye sauti ile? Akaamua kumjaribu.

Akasema kwa sauti ya kawaida, "Sawasawa, nimekusamehe. Rudi kazini."

Wakili akaweka kalamu chini. Mama akageuka. Sawasawa hakugeuka. Alibaki anakitazama kile kiti kitupu cha bosi, akisubiri kufukuzwa.

Bosi alirudi, akasogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusana. "TANGU LINI?"

"Tangu mwaka jana, bosi. Kwanza ulikuwa mlio, haukomi hata nikilala. Halafu sauti za watu zikaanza kwenda mbali. Nikasema nikikwambia, utasema kiziwi wa nini kwenye msumeno. Na mimi bado nasomesha. Sikukudharau, mwanangu. Niliogopa."

Bosi alichungulia nje. Mafundi walikuwa wameinamia mashine, masikio wazi. Baba yake hakuwahi kununua kitu cha kuzibia masikio, na yeye hakuwahi kukifikiria.

Wakili akamnong'oneza, "Shemeji, nyamaza kwanza. Mwajiri ni wewe, hili litakuangukia."

"Limeshaniangukia," akajibu. Akatoka na Sawasawa mpaka katikati ya karakana, akazima umeme wa mashine zote. Mafundi wakatazamana. Akamshika Sawasawa mkono, na palepale alipomfukuzia, akapiga kelele kuliko siku ile:

"NIMEKOSA MIMI! NISAMEHE! KAZI YAKO IPO!"

Mzee wa watu akajifunika uso kwa viganja, akalia.

"Kuanzia leo," bosi akawageukia wengine, sauti imemkauka, "hatukati mbao mpaka nilete vizibo vya masikio, kila mtu na vyake. Kila mtu atapimwa, nalipa mimi. Badiliko la kazi litaandikwa ubaoni. Na nani mwingine hasikii vizuri? Hafukuzwi mtu hapa."

Mmoja alijikuna shingo, mwingine alitazama viatu vyake. Kisha fundi wa randa akainua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena. Mpiga msasa naye akainua wake. Na mkata vioo.

Bosi aliitazama ile mikono mitatu huku machozi yakimtoka na roho ikimtulia, kwa sababu walikuwa wamemwogopa miaka yote hiyo na sasa wanamwambia. Akamwita wakili aje na karatasi zake, aandike majina.