Tunawasha Kwanza

Dukani kwetu redio haikutoka mlangoni kabla ya kusikika. Ndiyo ilikuwa sheria tangu tawi la kwanza: itoe kwenye boksi, ichomeke, iwashe mbele ya mteja, halafu muuzaji asaini kadi ya dhamana kwa mkono wake. Nimesaini miaka ishirini na miwili. Wateja walinibandika jina la Mama Dhamana, nami nikalipenda.

Tulifika matawi thelathini na moja. Televisheni bapa zilipoingia, watu walijaa mpaka tukawa tunafunga mlango kwa mgongo. Baadaye wakaja wa kushikashika tu: wananiuliza maswali mpaka koo linakauka, halafu wananunua kwenye simu wakiwa bado wamesimama mbele yangu. Sikuwachukia hao. Niliwachukia wakubwa wetu, waliozidi kufungua matawi huku yaliyopo yakidoda.

Kampuni ikafilisika, likabaki tawi letu peke yake, na mfilisi, kijana aliyeletwa kuuza kila kilichomo na kufunga duka. Jumatatu asubuhi akabandika karatasi ukutani: HAKUNA KUJARIBU. KILICHOUZWA HAKIRUDI.

"Mwanangu," nikamwambia, "stoo kuna vitu vilivyorudishwa na wateja vikafungwa upya. Vibovu na vizima vimechanganyika. Bila kuwasha hatuvijui."

"Ndiyo maana hatuwashi, mama."

Nikapandwa na hasira. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa ameshalipia redio ya mkewe asiyeona. Nikaichomeka. Mfilisi akaenda kuzima umeme wa soketi zote.

"Ukiwasha tena, sahau barua yako ya utumishi," akasema.

Alijua pa kunibana. Duka la vyombo vya nyumbani mtaa wa pili lilikuwa limeniahidi kazi, ila nipeleke barua hiyo ya kuthibitisha miaka yangu ya kazi. Kwa umri wangu, nani mwingine angeniita? Niliogopa, sifichi. Kisha nikavua beji, nikaiweka kwenye kaunta, nikavuka barabara na yule mwalimu na redio yake hadi kwa shemeji yangu kinyozi.

"Shemeji, naomba soketi."

Akachomoa mashine, mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja. Redio ikawaka, mtangazaji akasoma habari, mwalimu akafunga macho kumsikiliza. Nikamsainia kadi yake.

Wanunuzi walikuwa wametuona kupitia kioo cha duka. Mmoja akavuka na pasi, mwingine na blenda. Kitu kikikataa kuwaka, mwenyewe alirudi nacho, akasimama mbele ya kaunta na wenzake nyuma yake, na hakuna aliyebanduka mpaka mfilisi akambadilishia. Kufika saa kumi foleni ilikuwa kwa kinyozi, si dukani.

Ndipo nikamwona mfilisi anavuka na boksi kifuani.

"Mama, naomba uniwashie. Nimemnunulia mama yangu televisheni."

Nikamwonyesha mwisho wa foleni. Akajipanga. Zamu yake ilipofika nikachomeka, kioo kikabaki cheusi.

"Kilichouzwa hakirudi!" shemeji akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Mama wa mtu alikuwa anasubiri. Nikamsukumia kalamu yangu ya kusainia kadi, na karatasi safi.

"Wewe andika barua yangu," nikamwambia. "Mimi naenda kumtafutia mama yako televisheni nzima. Na uniwashie zile soketi za dukani."