Wino wa Kadi

Mwalimu Mueni alikuwa amefundisha Garissa miaka saba alipoanza kutengeneza kadi. Kadi za mafanikio zilizoletwa kutoka Nairobi kila Oktoba, wakati wa mitihani, zilikuwa na picha za wacheza mpira na mawaridi, na wanafunzi wake walimwambia kwamba wangependa yenye ngamia. Akasema atajaribu.

Mihuri aliichonga mwenyewe. Alinunua vipande vya raba ya soli kwa fundi viatu, akachora kwa penseli, akachonga kwa wembe mpaka picha ikabaki imeinuka. Kisha alipiga muhuri kwenye karatasi ngumu kwa wino mzito unaochelewa kukauka, akanyunyiza unga laini wa rangi ya dhahabu, akakung'uta uliozidi, na kuupuliza uliobaki kwa mashine ndogo ya hewa moto. Inafanana na ya kukaushia nywele, ila moto wake ni mkali zaidi. Unga uliyeyuka ukang'aa, na ngamia akatuna juu ya karatasi hata ungeweza kumpapasa kwa kidole. Garissa si mahali pazuri pa kazi hiyo. Jasho la kiganja likigusa karatasi, unga hushika pasipotakiwa, na vumbi nalo hushika. Kwa hiyo kazi ilifanywa mapema asubuhi, Jumamosi na wakati wa likizo, kabla jua halijapata nguvu.

Hakuifanya peke yake. Qali, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuwa na kibanda cha fotokopi karibu na ofisi za serikali, na ndiye aliyeuza kadi. Binti wa Qali, Iftin, alikuja kuchonga. Mueni alikuwa amemfundisha tangu darasa la nne hadi la nane, na sasa msichana alikuwa na miaka ishirini na mkono mtulivu kuliko wa mwalimu wake. Herufi ndogo, zile zinazochongwa kinyume ili zisomeke vizuri zikipigwa, Mueni alikuwa amemwachia yeye.

Iftin alikuwa na nafasi katika chuo cha uuguzi. Alichokosa ni kitambulisho. Mwaka wa ule ukame mkubwa, mifugo yote ilipokufa, Qali alimbeba mtoto wa miaka saba akaenda naye kambini Ifo, akajiandikisha pamoja na wakimbizi ili wapate unga na mafuta. Walikaa miezi minane, mvua ikanyesha, wakaondoka. Lakini picha na alama za vidole zilibaki. Iftin alipokwenda kuomba kitambulisho, mashine ilimjua kama mkimbizi. Aliambiwa asubiri kamati ya kusafisha majina. Alikuwa amesubiri miaka miwili, na chuo kilikuwa kimemwekea nafasi mara moja tayari.

Asubuhi moja ya Julai Qali alikuja kuchukua kadi, akakaa badala ya kuondoka.

"Mwalimu, mimi naomba kitu," alisema. "Chuo imesema Septemba ni mwisho. Asiporipoti, nafasi inapewa mtu mwingine."

"Na kamati inasemaje?"

"Inasema subiri. Mwaka jana subiri, mwaka huu subiri." Qali alitoa simu akamwonyesha picha ya barua. Ilikuwa barua ya kijana mmoja wa ukoo wao aliyesafishwa jina. Chini yake palikuwa na muhuri wa duara. "Barua naweza kuchapa kwa kompyuta yangu, neno kwa neno. Muhuri ndiyo sina."

Mueni aliirudisha simu mezani taratibu.

"Mama Iftin, hapana."

"Wewe unachonga ngamia mpaka kope zake. Hii ni herufi tu."

"Nikishikwa nafukuzwa kazi. Iftin akishikwa anafungwa."

"Yeye amefungwa tayari," Qali alisema, bila kupandisha sauti. "Hawezi kuvuka daraja la kutoka Garissa. Basi likisimama kwa kizuizi cha polisi, anateremshwa mbele ya watu. Wewe unavuka kila likizo unaenda kwenu Mwingi. Unaonyesha kitambulisho, unarudisha kwa mkoba, unalala."

Mueni alizipanga kadi za Qali kwenye mfuko. Alisema tena kwamba hawezi.

"Haye," Qali alisema. "Nimesikia." Akachukua kadi zake akaenda.

Tangu siku hiyo hakuingia tena. Kadi alizifuata Iftin. Ukutani Mueni alisikia sufuria za jirani yake zikigongana, na harufu ya anjera, chapati zao za maji, ikimfikia, lakini sahani iliyozoea kuletwa haikuja. Alitamani kwenda kugonga mlango, ila hakujua angesema nini akifunguliwa. Alikuwa amekataa kwa haki, aliona hivyo, na bado hakulala vizuri.

Wiki ya pili ya Agosti, Iftin alitoka kunawa mikono. Mueni akainua ubao wa kukatia atafute wembe, akakuta chini yake karatasi nyembamba ya kunakilia. Juu yake palikuwa na duara lililochorwa kwa penseli, na ndani ya duara herufi zimezunguka, zote kinyume. Kusoma kinyume hakukumpa taabu. Neno la kwanza lilikuwa KAMATI.

Alisikia bomba la uani likifungwa. Akaurudisha ubao palepale ulipokuwa. Iftin alipoingia akijifuta kwa ushungi wake, macho yake yalikwenda kwenye ubao, kisha kwa mwalimu.

"Nipe ule unga wa fedha," Mueni alisema.

Iftin akampa. Wakaendelea kufanya kazi mpaka saa tatu, na hakuna aliyesema lolote isipokuwa kuhusu kadi. Mueni alijiambia kwamba mchoro wa penseli si muhuri, na kwamba msichana mwenyewe angeona hatari akaacha. Siku zilizofuata alijiambia hivyo mara nyingi.

Mwishoni mwa mwezi alikuwa shuleni akipanga vitabu vya muhula mpya, Ndirangu alipoingia kwenye chumba cha walimu. Ndirangu alikuwa karani katika ofisi ya kuandikisha vitambulisho. Alikuwa mtu wa Nyeri, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa alilosali Mueni pia, na kila mwaka alinunua kadi moja ya kumpelekea mke wake. Aliangalia kama chumba kiko tupu, akanyoosha kidole gumba. Kilikuwa na alama ya buluu.

"Wino wa ofisi unanyonywa na karatasi," alisema. "Huu wa barua ya Iftin umekaa juu. Barua ina tarehe ya juzi, nimeigusa leo, ukanipaka. Wino wa namna hii nimeuona kwenye kadi zako peke yake. Ile ya mwaka jana, pembeni unga haukushika, ikaniharibia shati."

Mueni aliketi.

"Umechonga wewe, Madam?"

"Hapana."

"Unajua nani amechonga?"

Nje mtu alikuwa anafagia varanda. Mueni alisubiri fagio lipite.

"Najua," alisema.

Ndirangu alivuta kiti. "Bado sijaiandika kwenye daftari. Saa kumi nafunga. Ikishaandikwa siwezi kuitoa. Mama yake aje kabla ya hapo, aombe barua yake, aseme alileta nakala isiyofaa. Nitampa. Na huo muhuri uchomwe leo."

"Kwa nini unanisaidia?"

"Sikusaidii wewe. Nikiipeleka mbele, wataanza kuuliza wino umetoka wapi, halafu wataniuliza mimi nimeujuaje." Alisimama. "Nina watoto shuleni, Madam. Sitaki kuulizwa."

Mueni alikwenda kibandani kwa miguu katika jua la saa saba. Qali alikuwa akimtolea mteja nakala. Alisubiri mteja alipe na kuondoka, ndipo akamwambia yote, kwa sauti ya chini. Uso wa Qali haukubadilika. Alizima mashine.

"Wewe umemwambia," alisema.

"Sikumwambia. Aligusa wino akaujua."

"Wakristo wa kanisa moja. Anakuja kwako kwanza, si kwangu."

"Mama Iftin, nenda sasa. Saa kumi anafunga."

Qali alifunga kibanda akaenda. Alirudi na barua. Jioni hiyo harufu ya raba inayoungua ilipanda juu ya ukuta, kali, ikakaa kwenye nguo za Mueni alizokuwa ameanika. Kabla ya magharibi Iftin alikuja mlangoni. Hakuingia.

"Uliona ile karatasi, Mwalimu," alisema. "Chini ya ubao."

"Niliona."

"Ulinyamaza. Mimi nikadhani umeniruhusu."

"Sikukuruhusu, Iftin."

"Basi ungeniambia acha. Wallahi ningeacha. Nilikuwa naogopa sana, nilikuwa nangoja tu mtu aniambie." Alitazama chini. "Hooyo ni mama, hangeweza kusema. Ni wewe tu ungeweza."

Mueni alitaka kumshika mkono, lakini msichana alikuwa ameshageuka.

Septemba ilipita. Chuo kilimpa nafasi mtu mwingine. Diriye, kaka yake Qali, mfugaji wa Eldas, mbali kaskazini, alikuja kumchukua mpwa wake. Huko angefundisha watoto wadogo kusoma, na hakungekuwa na daraja la kuvuka. Mueni aliona mkoba ukitolewa nje na kupakiwa kwenye lori. Alitoka mpaka langoni. Iftin alimpungia mkono mara moja, kama mtu anavyompungia mwalimu wake wa zamani.

Oktoba shule mbili ziliagiza kadi mia tatu. Mueni alikaa mezani peke yake. Ngamia walitoka vizuri, ila maneno ya kutakia heri yalimshinda. Herufi zake zilikuwa nene, zimeegemeana. Alifika kadi ya sitini, akaweka wembe chini. Wazo lililomjia lilimfanya aone aibu kwa kuchelewa kwake. Alikuwa amefikiria sana alichoombwa afanye na kwa nini hawezi. Hakuwahi kujiuliza angeweza kufanya nini.

Jumatatu alikwenda ofisi za serikali akauliza kamati inataka nini. Aliambiwa: kitu chochote cha kuonyesha kwamba mtoto alizaliwa Kenya kabla ya jina lake kuandikwa kambini. Kadi ya kliniki ingetosha. Mueni alijua kwamba ya Iftin ilipotea wakati wa ukame. Alijua pia kwamba mtoto akiandikishwa shuleni, namba ya kadi ya kliniki hunakiliwa kwenye kitabu cha wanafunzi, na kwamba Iftin alihamia kwao na barua ya uhamisho ya shule aliyoanzia kabla ya ukame, ambayo nayo hubeba namba hiyo. Alifungua stoo, akapangusa vumbi la miaka, akafungua vitabu kimoja baada ya kingine. Alipata jina mnamo saa sita. Iftin binti wa Qali. Namba ya kadi, jina la zahanati, mwaka wa kuzaliwa.

Mwalimu mkuu alimruhusu kukibeba kitabu. Alhamisi alikwenda nacho mbele ya kamati. Qali alikuwa kwenye benchi la nje na wanawake wengine, kwa kuwa kila Alhamisi alikuja kuulizia. Alimwona Mueni, akaangalia kitabu.

Walipoitwa, mwenyekiti, mzee Abdinoor, alivaa miwani akausoma mstari wa jina la Iftin mara mbili.

"Unamjua msichana huyu?" alimwuliza Mueni.

"Nimemfundisha miaka mitano. Nakaa naye ukuta mmoja."

"Na kitabu hiki kilikuwa wapi?"

"Stoo ya shule."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo, mzee."

Abdinoor aliandika kwa muda mrefu. Alisema ushahidi ni mzuri, faili litapelekwa Nairobi, warudi baada ya miezi mitatu. Haikuwa hakika, alisema, lakini ilikuwa imesogea.

Varandani Qali alisimama akifunga vizuri ushungi wake.

"Ufunguo ya stoo ni nani anaweka?" aliuliza.

"Mimi."

Qali alitikisa kichwa polepole, kama anayehesabu miezi.

"Ungekuja hapa mwaka jana," alisema.

Mueni alisema, "Najua."

Qali alipiga simu Eldas. Alizungumza Kisomali, haraka, na Mueni alishika neno moja tu, lile la mwalimu wa kike. Kisha simu ikanyooshwa kwake.

"Ni kweli, Mwalimu?" Sauti ya Iftin ilikuja na upepo mwingi nyuma yake. "Kitabu kimekubaliwa?"

"Kimekubaliwa. Lakini ni miezi mitatu, na si hakika."

"Na chuo kimeshajaza nafasi yangu."

"Ndiyo."

"Nitaomba tena," Iftin alisema. "Nipe hooyo."

Qali alipokea simu, akashuka ngazi akiendelea kuzungumza, kuelekea kibandani kwake ambako watu wawili walikuwa wanamngoja. Hakugeuka nyuma. Mueni alikiweka kitabu kwapani akarudi shuleni, maana saa nane alikuwa na kipindi.