Mguu wa Themanini

Jina lake halisi lilibaki kwenye leseni tu. Pale maabara kuu, kuanzia getini hadi kwa daktari mkuu, dereva huyu aliitwa Themanini. Akishaliacha jiji nyuma, hubonyeza kitufe cha kruzi kwenye usukani, mshale ukaganda kwenye themanini, na gari likaushika mwendo huo lenyewe mpaka mabati ya mji wa pili yaonekane. Madereva wenzake walimtania.

"Wewe huendeshi, unasindikizwa!"

Naye hucheka nao. Kicheko kilimfaa, maana waliokuwa wakicheka hawakuuliza kitu.

Ukweli ni kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Ilianzia vidoleni mwaka mmoja nyuma, kisukari kilipomzidi, na sasa imepanda hadi kifundoni. Hakuhisi tena pedali. Mjini huiba jicho chini kuangalia kiatu kiko wapi, kama mtu aliyedondosha kifungo. Na hii barabara kuu, kilomita mia mbili kwenda na mia mbili kurudi, siku tano kwa wiki! Huku kruzi ndiyo iliyombebea mguu, mwaka mzima. Miaka ishirini na tisa hajawahi kukwaruza gari. Wakijua, watamnyang'anya ufunguo siku hiyo hiyo, na bila ufunguo yeye ni nani?

Alhamisi hiyo, saa nane mchana, walikuwa wanarudi na sampuli za damu. Mtaalamu wa maabara, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, alikaa kando yake, sanduku la barafu mapajani.

"Mzee wangu, leo umenuna."

"Nimechoka tu, mwanangu."

"Utachokaje na gari linajiendesha?"

"Macho je? Macho nayo yanajiendesha?"

"Basi yafumbe, nikushikie usukani."

"Wewe? Leseni yako imeota utando wa buibui."

"Buibui wangu hajagonga mtu!"

Themanini akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hata kucheka siku hizi kulikuwa kazi. Lami ilipepea joto, gari likanguruma sauti ile ile moja, na kope zake zikawa nzito kama magunia yaliyolowa.

Mbele, barabara ilikuwa inakarabatiwa. Mapipa yamepangwa katikati, na kijana wa kibarua anapunga kitambaa chekundu. Themanini alikiona mapema, hilo hakuna wa kumlaumu. Akakanyaga breki.

Gari likaruka mbele.

"Mzee!"

Akatazama chini. Kiatu kilikuwa kimelala juu ya pedali ya mafuta. Akauamuru mguu usogee. Mguu ukakaa kama gogo. Akaachia usukani mkono mmoja, akakamata suruali juu ya goti, akauinua mguu wake mwenyewe kama mzigo na kuutupa juu ya breki. Matairi yakalia. Gari lilisimama hatua moja kutoka pipa la kwanza, na kijana wa kibarua alikuwa ameshajitupa kwenye lundo la mchanga.

"We mzee!" alifoka huku akitema mchanga. "Ulidhani nakupungia kwaheri?"

Mtaalamu alifungua sanduku, akahesabu chupa kwa kidole, akalifunga.

"Umeuinua mguu kwa mkono," alisema.

"Uliteleza."

"Mzee wangu, mimi ndiye ninayepima sukari za watu. Mimi usinidanganye."

Injini ikaunguruma taratibu.

"Usimwambie mkuu wa usafiri," alisema Themanini. "Nakuomba, mwanangu."

"Sitamwambia. Ila kesho mimi sipandi." Akageuza uso dirishani. "Na atakayepanda badala yangu, nimwambie nini?"

Kwenye kioo Themanini alimwona kijana wa kibarua anakung'uta mchanga kwenye nywele, anaokota kitambaa chake, anarudi pale pale pa kusimama. Akatoa simu.

"Mkuu, mimi Themanini. Mguu wangu wa kulia haufanyi kazi."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu leo. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana? Na umekuwa ukiendesha?"

"Kila siku, mkuu."

Mkuu wa usafiri alivuta pumzi ndefu. "Mpe huyo binti usukani. Ukifika, njoo moja kwa moja ofisini. Na ufunguo uje nao."

Wakabadilishana viti. Themanini akazunguka gari akishikilia boneti, akajitupa kwenye kiti cha abiria, sanduku mapajani. Binti aliondoa gari kwa woga, akafika arobaini na kuganda hapo. Lori la nyuma likapiga honi, likapita. La pili nalo.

"Mzee wangu, niongeze, au niende hivi hivi?"

Hakujibiwa. Akamtupia jicho. Themanini alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, akikoroma.