Kikombe cha Meno ya Libérate

Libérate alipong'olewa meno yote ya juu, kabla saratani haijamshika titi, alimwonya mumewe: "Baba Diane, siku utaniona kibogoyo, narudia kwetu."

"Kwetu wapi, na sisi ni bakimbizi?" akacheka Onesphore.

Lakini aliheshimu. Kila jioni Libérate alijifunika shuka gubigubi, akavua meno ya bandia, akayapitishia pembeni. Onesphore aliyapokea kama askari anayepokea bunduki, akayazamisha kikombeni.

Tangu waanze kwenda Mbarara kutundikiwa dripu za saratani, aliona maji ya bomba hayawezi vita hiyo. Akatia maji ya baraka kutoka kanisani Kashojwa, kule kambini kwao. Na maji ya baraka hayamwagwi ovyo, kila Mkatoliki anajua. Yakipungua, unaongeza. Onesphore aliongeza.

Mdomo ukaanza kumuuma mkewe. Ulimi ukawa mweupe kama umepakwa chokaa, hata uji ukamchoma.

"Ni dawa inapigana," Onesphore alimfariji. "Shetani hatokake bila kelele."

Safari hii, hospitalini Mbarara, Libérate alifika akitetemeka kwa homa. Muuguzi akamwambia aachame, akakunja uso, akauliza kwa Kiswahili chake ambamo "mimi" na "wewe" ni kitu kimoja.

"Maama, hii meno nalala nayo?"

"Anavua kila siku!" Onesphore akadakia. "Fundi wa kikombe ni mimi."

"Naweka maji gani?"

Akaeleza, kifua mbele, akatoa na kikombe chenyewe mkobani. Muuguzi akanusa.

"Muzee, hii namwaga lini?"

"Ile hatumwagake, musawo," akamjibu muuguzi. "Tunaongeza tu."

Muuguzi hakucheka. Ukingoni mwa kikombe kulikuwa na utelezi wa kijani ambao Onesphore aliuona siku zote, akaudhania rangi ya plastiki.

Daktari alileta majibu ya damu. Alisema polepole: dawa imeshusha kinga, vijidudu na ukungu wa kwenye meno vimepitia vidonda vya mdomo, vimeingia kwenye damu. Analazwa. Dripu ya saratani haitundikwi.

"Na uvimbe, daktari? Nao utangoja?"

Daktari akatazama dirishani. "Uvimbe haungoji, muzee."

Onesphore akatoka na meno na kikombe kutafuta udongo, maana maji yale humwagwa ardhini tu. Uwanja mzima saruji. Akazunguka mpaka nyuma ya jiko, penye mgomba mmoja uliokonda, akamimina, akajipiga ishara ya msalaba. Kisha akasugua meno kwa sabuni na mswaki, kama muuguzi alivyomwonyesha. Yakang'aa kama mapya.

Aliporudi, Libérate alikuwa amelala chali, shuka kiunoni, kibogoyo, mdomo wazi umebonyea. Watu wanapita, wanaangalia. Mwenyewe hakujali.

"Jifunike basi, Mama Diane," akanong'ona. "Nakuona."

"Ona," akasema.

Onesphore akatafuta utani wowote, hata wa zamani. Akasimama pale, meno safi mkononi, kikombe hakifai tena, mdomo wa mkewe ni vidonda, hana pa kuyaweka.