Matanga Penye Gofu la Buruburu

Benki ilimwambia Roseline waziwazi: mkopo wa nyumba hutolewa kwa nyumba inayokalika. Gofu halikopeshwi. Na ile nyumba ya Buruburu aliyotaka kuinunua, aitengeneze na kuipangisha, ilikuwa gofu hasa: vigae vimeng'oka juu ya sebule, jikoni mmeota mpapai. Ili aitengeneze alihitaji mkopo. Ili apate mkopo, sharti iwe imeshatengenezwa.

Mumewe, Opiyo, ndiye aliyeipenda kwanza. Wakitoka kanisani alikuwa akisimama langoni pake na kusema, "Hii, Rosi, itatulea uzeeni." Uzee haukumsubiri. Alizikwa upesi kwao Siaya, na Roseline akarudi mjini kimya, asiite mtu, asiweke matanga. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: nyumba hiyo.

Siku ya mthamini wa benki kuja, mwenye nyumba alimwachia funguo. Roseline akaazima viti vya kanisa avipange sebuleni, nyumba ionekane ina watu. Kisha, ili mgeni asiinue macho kutazama paa, akaazima na hema, akalisimamisha mlangoni.

Hema na viti vya kanisa! Mtaa mzima ulijua maana yake.

Wa kwanza kufika alikuwa Muhonja, mwenyekiti wa akina mama, leso kiunoni, sukari mkononi. Alimkumbatia Roseline kabla hajafungua mdomo. "Pole, mama. Usiseme kitu." Nyuma yake wakaja wenye sufuria na wenye mitungi ya maji. Mpapai ukakatwa, moto ukawashwa jikoni. Opicho, fundi wa paa, alitazama juu akaguna.

"Waombolezaji wanyeshewe? Aibu gani hii!" Akaokota vigae uani, akapanda.

"Lakini hakuna..." Roseline alianza.

"Keti, mama. Mfiwa hasimami."

Mthamini, Bwana Wathome, alipofika na futi yake, alipewa kiti cha mbele. Alipoanza kupima ukuta, Muhonja alimshika mkono. "Hapana, baba. Mambo ya jeneza ni kule mochari."

"Mimi nimetoka benki."

"Jameni, hata benki imekuja! Hebu tuambie mawili matatu kuhusu marehemu."

Wathome alikohoa. "Alikuwa... mteja mwema." Watu wakaitikia amina. Akamwinamia Roseline. "Samahani, mama, ni nani aliyekufa?"

Kila sikio lilimgeukia.

"Opiyo. Mume wangu."

"Si huyo alizikwa mwaka jana?" Opicho aliuliza kutoka juu ya paa.

"Ndiye," Roseline alisema. "Sikuwaita wakati ule. Hata leo sikuwaita. Nilitaka tu benki inipe mkopo wa nyumba hii, kwa kuwa yeye aliipenda." Na machozi yaliyokaa mwaka mzima yakaanza kumtoka.

Muhonja alimtazama, akaitazama sufuria. "Basi ni matanga yaliyochelewa. Chai imeshachemka, hatuwezi kuimwaga. Opicho, usishuke!" Akaanzisha wimbo.

Wathome alizunguka nyumba. Jikoni walikuwa wakipika, paa halikupitisha mwanga, chooni kulikuwa na foleni. Akarudi kwa Roseline na kikombe mkononi.

"Mama, sijapata kuona nyumba inayokalika namna hii. Nitaipitisha. Lakini benki itauliza, hawa wote wanahama lini?"

Roseline alijipangusa uso kwa kanga.

"Waambie wangoje," alisema. "Bado tunalia."