Joshoni Hakusikiki

Mtandao wa simu huku Nyarugusu una kiburi chake, ndiyo maana Anisia alinunua redio mbili za mkononi za mawasiliano. Moja alikaa nayo kwenye duara, shimo aliloliuzia ng'ombe wote wa marehemu mumewe. Nyingine alikuwa nayo Rhoda, rafiki aliyebatizwa naye siku moja, kule bondeni kwenye maji, akitwanga na kuosha mawe ya sampo, yale machache ya kupimia dhahabu. Rhoda akiona dhahabu, anasema redioni: chimbeni kushoto, au chimbeni kulia.

Jilala, mwenye duara la jirani, aliufukuzia mwamba uleule wa dhahabu, na desturi ya pale haina huruma: anayeufikia kwanza ni wake. Redio naye alikuwa nayo. Anisia alitaka waongee kwa mafumbo. Rhoda akacheka.

"Mafumbo ya nini, dada? Sauti ya bondeni inafia kwenye mawe ya kilima."

Ili kuhakikisha, Anisia alishuka bondeni akaongea redioni mpaka koo likamkauka, huku Rhoda akikizunguka kilima na redio nyingine, akisikiliza sauti inafia wapi. Alirudi na habari njema. Inafika kwenye duara lao tu. Kwa Jilala ni mikwaruzo mitupu. Kwenye josho la zamani la ng'ombe, hata mikwaruzo hakuna.

Jana watu wa Jilala waligeukia kushoto mara tu Rhoda aliposema kushoto. Leo asubuhi wameufikia mwamba.

Anisia hakugombana na mtu. Alichukua redio yake akaenda mwenyewe joshoni. Kumbe kuna mtu alishajipangia kiti cha mawe pale, kinachotazama duara la Jilala, na gunia la kukalia juu yake! Akaketi.

"Rhoda, mwangaluka," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Pole jamani. Mimi nimelia mpaka basi."

Sauti ilikuja safi, kama wamekaa jiko moja. Anisia alisikia hata maji yakimwagika kwenye karai. Iliuma kuliko siku alipomzika mumewe, na jambo hilo lilimtia aibu.

"Unanipata vizuri?" Rhoda aliuliza.

"Vizuri sana. Niko joshoni."

Kisha Rhoda akabonyeza tena.

"Da... krii... siku... krii... sikupati..."

Alikuwa anaikwaruza sauti mwenyewe kwa mdomo, na kati ya krii moja na nyingine Anisia alimsikia vizuri kabisa akihema.